Kabla ya dozi ya kwanza: mafunzo kutoka kwa panya mwenye uvimbe

Wengi wanaoanza kupima dawa za kuamsha kinga dhidi ya saratani huihesabu siku ya dozi ya kwanza kuwa ndiyo siku jaribio linapoanza. Ukikaa na kazi hii muda mrefu unaona kwamba kufikia siku hiyo mengi yamekwisha kuamuliwa. Mfumo wa kinga wa panya huitikia kila kinachomgusa: seramu ya ng'ombe iliyobaki kwenye seli ulizomdunga, bakteria waliojificha ndani ya chupa, ubaridi wa chumba, mkono uliomshika mkia. Kila kimoja huongeza au hupunguza seli T, askari wa kinga dhidi ya saratani, ndani ya uvimbe, na dawa yako inakuja juu ya hayo yote. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye majuma mawili yanayotangulia dozi. Huko ndiko majaribio mengi hupotelea, na mtu huja kuilaumu dawa baadaye.

Kwanza panya wenyewe. Ukitaka kusoma jibu la kinga unahitaji panya mwenye kinga kamili. Wale wasio na manyoya hawana tezi ya thaimasi, kwa hiyo hawatengenezi seli T za kawaida. Wale wa ukoo wa NSG hawana seli T, seli B, wala seli wauaji wa asili. Hao ni wazuri kwa kuoteshea saratani ya binadamu, lakini ukiwapa dawa inayotegemea seli T utasubiri bure. Kinachofaa hapa ni uvimbe wa ukoo mmoja: seli za saratani zilizotoka kwa panya wa ukoo fulani hudungwa kwa panya wa ukoo uleule, mwili usije ukazikataa kama unavyokataa kiungo cha mgeni. Kwa ukoo wa C57BL/6 zinazotumika sana ni B16-F10 ya melanoma, MC38 ya utumbo mpana na LLC ya mapafu. Kwa ukoo wa BALB/c ni CT26 ya utumbo mpana na 4T1 ya titi.

Kila uvimbe una tabia yake, na tabia hiyo huamua nusu ya jibu utakalopata. MC38 na CT26 hukaribisha seli T nyingi na huitikia vizuri kingamwili za kuzuia PD-1, breki iliyo juu ya seli T. B16 ni baridi: huonyesha MHC daraja la kwanza (protini zinazowaonyesha seli T vipande vya ndani ya seli) kidogo mno, seli T ndani yake ni chache, na kizuizi cha PD-1 peke yake mara nyingi hakifui dafu. 4T1 huufanya mwili umwage nyutrofili (chembe nyeupe za kupambana na bakteria) kwa wingi hadi wengu unavimba mara kadhaa ya ukubwa wake, na husambaa mapafuni wenyewe. Mwaka 1996 maabara ya James Allison ilipoonyesha kwamba kuzuia CTLA-4, breki nyingine ya seli T, kunaweza kuufuta uvimbe wa panya, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya 2018 pamoja na Tasuku Honjo, uvimbe uliotumika ulikuwa wa aina zinazoitikia. B16 ulihitaji kuongezewa chanjo ya seli zinazotoa GM-CSF (protini inayokuza seli za kinga) ndipo kizuizi kilekile kikafanya kazi. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa yake inaponya panya, swali la kwanza ni panya wa uvimbe gani. Binafsi siamini matokeo ya MC38 pekee mpaka nione na uvimbe mmoja baridi pembeni yake, hata kama umeitikia kidogo tu.

Sasa panya wanakotoka. Mwaka 2015 maabara ya Thomas Gajewski kule Chicago ilichapisha jambo ambalo kila mwenye kizimba anapaswa kulijua. C57BL/6 kutoka Jackson na C57BL/6 kutoka Taconic (wote wafugaji wa panya wa maabara), wenye ukoo uleule wa kijenetiki kwa jina, walioteshwa B16 uleule, na uvimbe ukakua polepole zaidi kwa wale wa Jackson. Tofauti ilikuwa ndani ya matumbo yao, hasa bakteria wa Bifidobacterium. Panya wa pande mbili walipowekwa pamoja kabla ya kudungwa, tofauti ikatoweka, kwa sababu panya hula mavi ya wenzao na bakteria huhama kwa njia hiyo.

Maana yake kwa mikono yetu ni hii. Agiza panya wote wa jaribio kwa mkupuo mmoja, kutoka chanzo kimoja, wa jinsia moja ndani ya kila kundi, wenye umri wa wiki 8 hadi 10. Wape siku 7 au zaidi kuzoea kabla ya kuwagusa. Katika siku hizo chukua konzi ya takataka za sakafuni kutoka kila kizimba, zichanganye, uzirudishe kwenye vizimba vyote, mara mbili hivi. Halafu, likiwa jambo linawezekana, kila kizimba kiwe na panya wa makundi yote: mmoja wa dawa, mmoja wa kundi linganishi lisilopata dawa, mmoja wa dawa mbili kwa pamoja. Kizimba kizima kikipewa dawa na kingine kizima kikipewa maji ya chumvi, umepima tofauti ya vizimba, na hakuna hesabu ya takwimu itakayokutenganishia hayo mawili baadaye. Njia hiyo haifai pale dawa yenyewe ni antibiotiki au bakteria wa tumboni, maana wenzake watailia kwenye mavi. Hapo unahitaji vizimba vingi vyenye panya wachache kila kimoja, na kizimba kizima ndicho kinachohesabiwa kama sampuli moja. Madume wakubwa wasiofahamiana hupigana. Majeraha yao huleta uvimbe wa aina nyingine kabisa mgongoni, na seli za kinga zinazokimbilia huko hazirudi kukuaga. Ukitaka kutumia madume, waunganishe wakiwa wadogo na usiwachanganye tena.

Joto la chumba nalo si jambo la starehe tu. Vyumba vingi vya panya huwekwa nyuzi 22 kwa sababu ndizo zinazomfaa mtu mwenye koti. Panya mwenyewe hupumzika kwenye nyuzi 30 hivi. Chini ya hapo mwili wake unachoma nishati kujipasha, na homoni za msongo ziko juu. Mwaka 2013 kundi la Elizabeth Repasky, kituo cha saratani cha Roswell Park, lilionyesha kwamba panya waliowekwa nyuzi 30 uvimbe wao ulikua polepole na ulikuwa na seli T za CD8 (zile zinazoua) nyingi zaidi kuliko wa nyuzi 22. Huwezi kubadilisha chumba kizima, lakini unaweza kuwapa gramu 8 hadi 10 za malighafi ya kujengea kiota kwa kila kizimba, na kuhakikisha kundi moja halikai rafu ya juu karibu na tundu la hewa wakati jingine liko chini penye joto. Kuhusu kushika: Jane Hurst na Rebecca West walionyesha mwaka 2010 kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia huwa na hofu kuliko anayeingia mwenyewe kwenye bomba la plastiki au kuchotwa kwa viganja. Na mwaka 2014 maabara ya Jeffrey Mogil ilionyesha kwamba harufu ya mwanamume pekee inatosha kupandisha msongo wa panya. Homoni ya msongo inaukandamiza mfumo uleule unaoupima. Mtu mmoja awashike tangu mwanzo hadi mwisho, na jina lake liandikwe kwenye daftari kama unavyoandika namba ya toleo la dawa.

Tuje kwenye seli. Toa kichupa kwenye nitrojeni kimiminika, kiyeyushe kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu, kisha kihamishie taratibu kwenye maji lishe ya joto. Zioteshe upya mara mbili au tatu, usizidi tano au sita, halafu zitumie. Seli zilizohamishwa mara thelathini zimekuwa seli nyingine. Zimejichagua kukua haraka kwenye plastiki, na antijeni (alama ambazo kinga huzitambua) zilizokuwa nazo huenda zimepotea. Gandisha akiba kubwa ya vichupa vya mwanzo kwa siku moja, ili majaribio yote ya mwaka yatoke kwenye chungu kimoja. Siku ya kudunga, seli ziwe zimefunika asilimia 70 hivi ya chupa, bado zinagawanyika. Zikijaa hadi kubanana, nyingi zinakuwa zimechoka, na ukipata uvimbe uliochelewa usishangae.

Maikoplazma, bakteria mdogo sana anayejificha kwenye chupa za seli, ndiye mwizi mkubwa kuliko wote. Maji lishe hayachafuki, seli hazifi, zinakua tu polepole kidogo. Penisilini haimwezi kwa sababu hana ukuta wa seli ambao penisilini huushambulia. Anapoingia kwa panya pamoja na seli, kinga humtambua mara moja kupitia vipokezi vya kutambua bakteria kama TLR2, na utaona uvimbe wenye joto ambao hauhusiani na saratani. Pima kila akiba kwa PCR (kipimo cha kutafuta DNA yake) kabla ya kugandisha, na tena ndani ya wiki moja kabla ya kudunga. Ukimkuta, tupa. Kuna dawa za kumtibu, lakini kwa jaribio la kinga sioni sababu ya kubeba seli zilizokwisha kupitia hayo.

Kosa la pili linahusu seramu. Seli zimekua ndani ya asilimia 10 ya seramu ya ndama, na protini za ng'ombe ni ngeni kwa panya. Ukizidunga bila kuosha vizuri, umempa chanjo ya protini hizo mahali palepale uvimbe unapoanza. Zing'oe kwa tripsini (kimeng'enya cha kubandua seli kwenye plastiki) kwa dakika mbili tatu tu, zima tripsini kwa maji lishe yenye seramu, kisha osha mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi isiyo na seramu, ukizungusha kwa 300 g kwa dakika 5 kila mara. Kuhesabu kunafuata mwosho wa mwisho, kwa kuwa kila mzunguko hupoteza seli kadhaa. Tuseme umezichanganya kwenye mililita 12, ukapunguza sampuli mara mbili kwa tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu), na ukapata wastani wa seli hai 52 kwa kila mraba mkubwa wa kihesabio (kioo cha kuhesabia seli). Basi ni 52 × 2 × 10,000, sawa na seli 1,040,000 kwa mililita, na jumla ni milioni 12.48. Kwa MC38 unataka seli 500,000 ndani ya mikrolita 100, yaani milioni 5 kwa mililita. Zungusha tena, mwaga maji, zichanganye kwenye mililita 2.5. Kwa karatasi hiyo inatosha panya 25. Kwa mikono ya kweli panga 20, kwa sababu sindano inabaki na kiasi chake. B16-F10 hukua haraka, 100,000 hadi 200,000 zinatosha; 4T1 kwenye mafuta ya titi, 50,000 hadi 100,000. Seli hai zikiwa chini ya asilimia 90 usidunge. Seli zilizokufa ni chakula cha makrofaji (seli za kinga zinazomeza takataka) na ni kengele kwa kinga, kwa hiyo kundi lililopata maiti nyingi limepata dawa ambayo hukuiandika.

Hapa pa kudunga napenda twende polepole, kwani ndipo mkono unapojulikana. Nyoa ubavu siku moja kabla, kwa mashine. Krimu ya kung'oa manyoya huiunguza ngozi na kuleta seli za kinga usizozitaka. Mrija wa seli uwe kwenye barafu. Seli huzama chini haraka kuliko unavyodhani: ukiusimamisha dakika tano, panya wa kwanza anapata maji na wa mwisho anapata uji. Pindua mrija taratibu kabla ya kila mvuto. Vuta seli kwa bomba la mililita 1 bila sindano, kisha ndipo uvishe sindano ya geji 27, maana kuvuta kupitia tundu jembamba huzipasua. Toa mapovu. Mpe panya isofluraini, asilimia 3 hivi ya kumlaza na 1.5 hadi 2 ya kumshikilia, au umshike akiwa macho kama mkono wako umezoea. Inua ngozi ya ubavu iwe kama hema, mdomo wa sindano ukiangalia juu, ingia sambamba na mwili na usogee karibu sentimita moja kutoka tundu la ngozi. Ukiwa mahali sahihi, ncha hucheza huru kushoto na kulia. Sukuma taratibu, litajitokeza donge laini la mviringo. Ngozi ikiwa nyeupe na donge gumu kama dengu, uko ndani ya ngozi, na uvimbe huo utapasuka kuwa kidonda mapema. Kusipotokea donge, umeingia ndani ya misuli au ndani zaidi, na uvimbe utakuwa bapa usiopimika. Subiri sekunde tano hadi kumi, zungusha sindano kidogo, toa. Tone likirudi nje, andika namba ya panya huyo sasa hivi, kwa sababu wiki mbili baadaye ndiye atakayeonekana amepona.

Kazi yote kutoka kung'oa seli hadi panya wa mwisho isipite saa moja hivi. Ukimaliza, rudisha tone la seli zilizobaki kwenye kihesabio. Zilikuwa asilimia 95 hai, sasa 80? Basi panya wa mwisho hawakupata ulichowapa wa kwanza. Kipimo hiki cha dakika tatu watu wengi hawakifanyi, nami nakiona kuwa cha thamani kuliko vingi vinavyochukua siku nzima.

Neno kuhusu seli zenye taa. Luciferasi na GFP, zinazozifanya seli zitoe mwanga, hurahisisha kuona uvimbe, lakini zote mbili ni protini ngeni, na panya mwenye kinga kamili anaweza kuzijibu. Seli zenye mwanga zinakua polepole, au zinapoteza mwanga wakati uvimbe unaendelea kukua, na wewe unadhani uvimbe unapungua. Ukizitumia, weka pembeni panya wa seli zisizo na taa na ulinganishe ukuaji. Ovalbumini, protini ya yai inayotiwa kwenye seli, ni vivyo hivyo: nzuri kwa kufuatilia seli T zinazoitambua, mbaya kwa kudai dawa yako inashinda saratani ya kawaida.

Uvimbe ukifika milimita za ujazo 50 hadi 80, panga makundi. Hapo ndipo pa kugawa, wala si siku ya kudunga. Waandike panya wote kwa ukubwa wa uvimbe, kutoka mkubwa hadi mdogo, kisha wagawe kwa bahati nasibu ndani ya kila ngazi, ili wastani wa makundi uwe sawa. Walio nje ya mipaka uliyoiandika kabla, tuseme chini ya 30 au juu ya 150, watolewe kabla ya dozi. MC38 na CT26 zinaweza kurudi nyuma zenyewe kwa panya mmoja mmoja, hasa seli zikiwa chache. Ukianza dawa siku ya tatu, uvimbe haujashika bado, utahesabu hao kuwa waliopona.

Kupima ni kwa kalipa, mara mbili au tatu kwa wiki, na mpimaji asijue kundi la panya. Ujazo hukadiriwa kwa urefu mara upana mara upana, gawanya kwa mbili. Angalia kosa dogo linavyofanya. Uvimbe wa milimita 10 kwa 8 ni 320. Ukikosea urefu kwa milimita moja, 11 kwa 8, unapata 352, ongezeko la asilimia 10. Ukikosea upana kwa milimita moja, 10 kwa 9, unapata 405, ongezeko la asilimia 27. Upana ndio unaozidishwa mara mbili, na ndio unaobadilika ukibana kalipa kwa nguvu, kwa kuwa uvimbe laini hubonyea. Gusa tu ngozi, usibane. Watu wawili wakipimiana uvimbe mmoja bila kuambiana, wataona tofauti zao. Afadhali wazione kabla ya jaribio kuliko katikati.

Mipaka ya kumpumzisha panya huwekwa na kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama: kwa kawaida uvimbe wa milimita 15 hadi 20 kwa urefu au milimita za ujazo 1,500 hadi 2,000, kidonda kilichofunguka, kupoteza asilimia 20 ya uzito, au panya aliyejikunja asiyejisafisha. Ifuate bila kusitasita. Panya huyu hakujitolea, na hakuna data itakayopatikana kwa siku mbili za maumivu ya ziada. Kwa upande wa sayansi pia kidonda kilichofunguka huleta bakteria na nyutrofili, na uvimbe huo hauwezi tena kulinganishwa na mzima. Panya wakianza kuondolewa, acha kuchora mstari wa wastani. Wenye uvimbe mkubwa huondoka kwanza, wastani wa waliobaki unashuka, na grafu inaonyesha kundi linganishi likipona lenyewe. Chora mstari wa kila panya peke yake, na mkunjo wa Kaplan-Meier kwa muda wa kuishi.

Dawa zenyewe. Kwa PD-1 ya panya kingamwili inayotumika sana ni RMP1-14, mikrogramu 200 kwa panya ndani ya tumbo, kila siku ya tatu, dozi tatu au nne. Kundi linganishi hupata 2A3 (kingamwili ya aina ileile isiyolenga kitu ndani ya panya) kwa kipimo kilekile, wala si maji ya chumvi. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili hai: haina sodiamu azidi (kihifadhi chenye sumu), na endotoksini yake (sumu ya kuta za bakteria) imepimwa kuwa ndogo sana. Endotoksini kidogo tu inaamsha kinga kuliko dawa. Kudunga tumboni, mwinamishe panya kichwa chini, ingia robo ya chini ya upande wake wa kulia, kwa sababu sikamu (mwanzo wa utumbo mpana) iko kushoto. RMP1-14 ni protini ya panya mkubwa wa maabara (rat), na baada ya dozi kadhaa panya mdogo anaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kwenye 4T1 hasa, dozi za kurudia za kuzuia PD-1 au PD-L1 zimejulikana kusababisha mshtuko wa mzio unaoua haraka. Kaa nao dakika thelathini baada ya dozi ya tatu na zinazofuata, usiondoke chumbani.

Ukitaka kuthibitisha kwamba ni seli za CD8 zinazofanya kazi, ziondoe kwa kingamwili 2.43 kuanzia siku moja au mbili kabla ya dawa. Hapa kuna mtego wa kawaida. Ukichukua damu kuangalia kama zimetoweka, na kupaka rangi kwa 53-6.7 (kingamwili nyingine ya CD8), unaweza kuona hazipo hata kama bado zipo, kwa kuwa 2.43 imekalia CD8α ileile na kuifunika. Tumia rangi ya CD8β (nusu ya pili ya CD8), au tafuta seli zenye CD3 (alama ya seli T zote) zisizo na CD4. GK1.5 ya kuondoa CD4 inataka uangalifu huohuo. Tumia RM4-4, inayoshika CD4 mahali pengine, kuangalia. PK136 huondoa seli wauaji wa asili kwa C57BL/6, lakini BALB/c hawana NK1.1, alama inayolengwa na PK136, kabisa, kwa hiyo kwao haifanyi lolote.

Kutoa uvimbe na kuusoma kwa flosaitometa (mashine ya kuhesabu seli kwa rangi za kingamwili) kuna kosa moja ambalo limeharibu matokeo mengi kuliko mashine mbovu. Chini ya ngozi ya ubavu, karibu kabisa na uvimbe, kuna tezi ya limfu ya kinena, punje ya rangi ya maziwa ndani ya mafuta. Ukiikata pamoja na uvimbe, sampuli itajaa seli T na B changa kwa maelfu, na utadhani dawa imeita jeshi. Ifunue ngozi, iangalie kwa mwanga mzuri, iondoe kwanza na kuiweka kwenye mrija wake. Nayo inafaa kusomwa. Seli B nyingi ndani ya uvimbe wa MC38 ziwe dalili ya kwanza kwako kwamba tezi imeingia. Zilizo kwenye damu ya mishipa nazo si za uvimbe: dunga kingamwili ya CD45 (alama ya chembe nyeupe) yenye rangi kwenye mshipa wa mkia dakika tatu kabla ya kumaliza panya, na chochote kilichopata rangi hiyo kilikuwa kwenye damu.

Pima uzito wa uvimbe, ukate vipande vya milimita 1 hadi 2, uweke kwenye mililita 5 za RPMI (maji lishe) yenye vimeng'enya vya kuyeyusha tishu: kolajenasi IV miligramu 1 kwa mililita na DNasi I mikrogramu 100 kwa mililita, dakika 30 kwenye nyuzi 37 ukitikisa. Kolajenasi hutaka kalsiamu. Ukiikusanya sampuli kwenye PBS yenye EDTA, ambayo hunasa kalsiamu, kisha ukaongeza kimeng'enya, kimekufa kabla ya kuanza. EDTA ije baada ya kuchuja, kuizima kazi. Chuja kwa mikroni 70, yeyusha chembe nyekundu dakika moja au mbili, osha. Rangi ya kutambua seli zilizokufa ipakwe kwenye PBS isiyo na protini, halafu kingamwili 2.4G2 dakika 10 kuziba vipokezi vya Fc (vinavyonasa kingamwili ovyo), kisha rangi nyingine dakika 30 kwenye nyuzi 4. Bila rangi ya maiti usisome kabisa: seli zilizokufa hunasa kila kingamwili. Toa idadi kwa miligramu ya uvimbe pamoja na asilimia, kwa sababu asilimia ya CD8 inaweza kupanda kwa vile tu makrofaji wamepungua.

Usilinganishe uvimbe wa dawa wa milimita za ujazo 100 na wa kundi linganishi wa 1,200 na kusema dawa imeleta seli T. Uvimbe mkubwa una sehemu iliyokufa katikati na hewa haba, na seli T ni chache humo kwa sababu ya ukubwa pekee. Wavune baadhi mapema, siku mbili tatu baada ya dozi ya pili, makundi yakiwa bado karibu sawa kwa ukubwa. Tofauti utakayoiona hapo inatangulia kupungua kwa uvimbe.

Panya waliopona kabisa wawekwe siku 60 bila dawa, kisha wadungwe ubavu wa pili seli zilezile kwa idadi ileile. Pembeni yao weka panya wa umri uleule ambao hawajawahi kuona uvimbe. Kwa panya wa miezi mitano uvimbe haukui kama kwa wa wiki nane, kwa hiyo wapya wadogo hawafai kulinganishwa. Waliopona MC38 wape pia B16 ubavu mmoja: kama kumbukumbu ni ya MC38, B16 itakua kama kwa mwingine yeyote. Na katika wale wapya wa umri uleule, uvimbe ushike kwa wote. Ukikosa kushika hata kwa wawili, seli za siku hiyo zilikuwa mbovu, na jaribio lote la kumbukumbu linarudiwa kutoka kwenye kichupa cha nitrojeni.